Mwaka wa Kutafuta Nauli

Nilifika Magoma siku moja baada ya Mzee Rajabu kuzikwa. Magari kutoka Korogwe yalikuwa machache siku ile, na mimi siku hizi sikimbilii gari. Wanawake walinisogezea nafasi kwenye jamvi, wakanipa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha, nikakaa nikisikiliza. Wajukuu zake walikuwa wakisimuliana jinsi alivyokuwa akipandisha maharage milimani na kushuka na kabichi, na jinsi sauti yake ilivyokuwa ikisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Mama mmoja wa makamo, aliyejifunga mtandio mweupe, alinitazama kwa muda mrefu kisha akauliza, “Samahani mama, wewe si yule msichana aliyenadiwa?” Wenzake wakacheka, wakakumbuka wako msibani, wakashusha sauti. Nikamjibu kwamba ndiye mimi. “Na huko Ulaya ulifika?” Nikasema hapana, sikufika. Akapiga makofi mara moja, kwa mshangao tu, hakuwa na hasira. “Lo! Na marehemu baba yangu alitoa debe zima la maharage!” Nimefundisha hadi nikastaafu, na wanafunzi wameniuliza maswali ya kila namna, lakini sikumbuki swali lililonichosha kama lile. Kusema sikufika ni jambo la pumzi moja. Kueleza kwa nini kunataka mwaka mzima, na chai yangu ilikuwa inapoa.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, katika siku zile ambapo kila mtu alikuwa ndugu na kila hotuba ilikuwa juu ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Nilimwuliza mhadhiri wetu wa historia ameshika jembe mara ya mwisho lini, akanitoa nje. Nilimwuliza mchungaji wetu huko nyumbani kwa nini shukrani za mavuno hutolewa hata mwaka ambao hatukuvuna, akaniambia nikae chini. Sikuwa mkorofi, au sikujiona hivyo. Niliamini tu kwamba jambo lisiloweza kuulizwa lina kasoro mahali fulani. Katika hali hiyo nikachaguliwa, mimi na wenzangu wachache, kwenda kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ulaya ya kaskazini. Chuo cha huko kingegharimia masomo, malazi na chakula. Nauli ya ndege na nguo za baridi zilikuwa juu yetu, na asiyelipa hadi chuo chetu kifunguliwe tena baada ya likizo ndefu, nafasi yake ingepewa mwingine. Nilitaka kwenda. Niseme hivyo mapema, kwa sababu kwa namna nilivyokuwa nikizungumza mwaka ule mtu angeweza kudhani sikutaka. Nilitaka sana, hadi nikawa najizuia kuwaza juu yake nikiwa njiani, nisije nikapitiliza kituo.

Likizo ilianza pamoja na masika. Nilishuka Soni, nikapanda kwa miguu hadi kwetu, ukungu umefunika mabonde, udongo mwekundu umeshika viatu. Jikoni kwa mama kulikuwa na joto na moshi, chungu cha makande mafigani, na majirani wawili wakimenya viazi. Nilisimama nje kidogo kukwangua matope, nikawasikia. Walikuwa wanasema Kishambaa, na mmoja alikuwa anasema kwamba nikienda huko nitarudi na Mzungu. “Arudi na nani?” akajibu mwenzake. “Huyu mwenye maswali? Mzungu gani atamvumilia? Atarudishwa kabla ya Krismasi, na barua juu.” Mama akacheka kuliko wote. Nilipoingia nikawaamkia, shikamoo, shikamoo, wakaitikia kwa upole kama waliokuwa wakisali. Ndipo nikaambiwa kwamba kamati ya nauli yangu imekwisha kuundwa, mchungaji yumo, mwenyekiti wa kijiji yumo, na kwamba kila Jumapili baada ya ibada kutakuwa na mnada kwa ajili yangu. Hakuna aliyeniuliza kama naafiki. Mama alinipakulia makande akasema, “Kula. Utasimama sana.”

Wenyeji wa huko juu wanaujua mnada wa kanisani, lakini nieleze kwa ajili ya wengine. Mtu asiye na fedha hutoa sadaka ya alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai, kabichi, jogoo. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Atakayenunua, kama anaipenda shughuli yenyewe, haondoki na kitu, hupaza sauti, “Narudisha!” na kitu hunadiwa upya. Nimeona kabichi moja ikiuzwa na kurudishwa hadi majani ya nje yakalegea. Tatizo la kanisa letu lilikuwa kwamba hakukuwa na mtu mwenye sauti ya kunadi. Mchungaji akamwajiri Rajabu, ambaye wakati huo alikuwa kijana tu, mfanyabiashara wa maharage, Mwislamu wa Magoma. Alikuwa akisubiri chini ya upenu wakati sisi tunaimba, amekunja miguu juu ya gunia lake, na tulipotoka alisimama akajinyoosha. “Haya Walutheri, mmemaliza? Nimewaombea na mimi huku nje, nimeomba muwe na fedha.” Watu walimpenda. Waislamu wa bondeni nao wakaanza kupanda Jumapili ili wamsikie, na wengi walibaki wakanunua.

Kilichonichosha si mvua wala kusimama. Rajabu alikuwa akiniweka juu ya benchi, kando ya vitu. “Mtazameni! Kichwa hiki kinakwenda Ulaya! Nani anaipeleka hata nywele moja?” Siku ya kwanza nilimfuata nikamwuliza kwa nini ananisimamisha pale kama bidhaa. Akanitazama kwa huruma ya kweli. “Dada, kabichi wanaiona kila siku. Wewe je?” Basi nikasimama. Kila aliyetoa alinijia baadaye na agizo lake. Mmoja alitaka nimtafutie mwanawe shule huko. Mwingine alitaka dawa ya miguu ya Wazungu. Mzee mmoja alinishika mkono akasema nikirudi nitakuwa mkuu wa wilaya, na neno la kwanza nitakalosema liwe juu ya mpaka wa shamba lake. Nilialikwa kula kila nyumba, magimbi hapa, ugali na mshunga pale, mboga chungu ile ambayo mgeni huimeza kwa heshima, na katika kila nyumba nilihisi nakula kitu ambacho sitaweza kukirudisha. Leo naona walikuwa wanazungumza tu, kama mtu anayemwambia msafiri asisahau. Wakati ule nilikuwa silali vizuri. Nilijiona nimegawanywa vipandevipande kabla hata sijaondoka.

Kwa hiyo, kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama. Mkutano ulifanyika katika ghala la zamani la kahawa ambalo mwenyekiti alilifanya ofisi; lilikuwa bado linanuka magunia, na picha ya rais ilining'inia juu ya mizani iliyoharibika. Nikasema fedha zinazokusanywa zisiandikwe kwa jina langu. Nikasema sitaki kuwa mtu wa kudaiwa na nyumba kila moja. Fedha ni za kijiji, kijiji kimezitoa, na kijiji ndicho kiamue kinaona faida gani kunipeleka; kikiona hakuna faida, kisinipeleke. Niliongea vizuri, nakumbuka, kwa Kiswahili cha chuoni, na mwenyekiti alifurahi sana. “Ndugu Naomi amesema maneno ya ujamaa wenyewe,” alisema, akawataka watu wapige makofi. Wakapiga. Tulirudi na mama hadi mlangoni. Kisha akasema, “Wewe ukipewa sahani, unauliza kama ni ya mpishi au ya mlaji. Wenzako wanakula.” Nilimwambia haelewi. Alikuwa anaelewa, na mimi pia nilikuwa naelewa. Tulikuwa tumeelewa mambo mawili tofauti.

Fedha ziliingia polepole. Wiki zikapita, mayai na ndizi haviwezi kumpandisha mtu ndege, na mwisho wa likizo ukawa unasogea. Ndipo kamati ikamwalika Bwana Yoeli wa Shume awe mgeni wa heshima. Bwana Yoeli alikuwa na mashine ya kupasua mbao, koti la mvua lenye vifungo vya shaba, na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa ameoa kijijini kwetu. Kwa desturi ya huko, mwanamume hasimami mbele ya mama mkwe wake, hali chakula naye, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha porini. Kamati ililijua hilo na ilimtuma mtu kwa Bibi Debora, mama mkwe wake, kumwomba Jumapili hiyo asije. Bibi Debora alisema amesikia. Kusikia hakukuwa kukubali, lakini kamati ya wanaume haikuitambua tofauti hiyo.

Jumapili ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wanaume walijibanza upande mmoja wa uwanja, wanawake upande wa pili, nyuso zimefichwa na miavuli na khanga. Rajabu alileta jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye hasira. Mwavuli mweusi upande wa wanawake ukatikisika: mwenye mwavuli anamtaka jogoo. Bwana Yoeli akapandisha bei. Mwavuli ukapandisha. “Mama wa mwavuli hachezi!” akapaza sauti Rajabu, ambaye alikuwa mtu wa Magoma na hakujua nani ni mkwe wa nani. Bwana Yoeli akacheka, akapandisha tena, akasema kwa sauti ili wote wasikie, “Mwavuli utachoka leo!” Watu wakanyamaza. Yeye alidhani wameishangaa fedha yake. Mtu akakohoa, mwingine akamvuta koti, naye akamsukuma mkono. “Niacheni nimchape huyu mama kidogo!” Mwavuli ukainuka taratibu, na chini yake alikuwapo Bibi Debora, mdogo, mkavu, akimtazama mkwewe moja kwa moja usoni.

Sijaona mtu mzima akikimbia vile. Alizunguka nyuma ya kanisa, kofia ikabaki kwenye matope, na vijana wakaanza kuimba papo hapo kwamba Shume wanawanadi mama wakwe. Nilitumwa kupeleka chai kwenye chumba cha mchungaji nyuma ya madhabahu, nikamkuta ameketi kati ya majoho yanayoning'inia, maji yanamchuruzika. “Mwambieni nilikuwa sioni,” alikuwa anasema. “Mwambieni mvua. Mwambieni chochote.” Kisha nikapeleka chai jikoni kwa mchungaji, ambako Bibi Debora alikuwa kwenye kigoda, jogoo kwapani. “Ananiambia nitachoka,” alisema bila kumtazama mtu. “Mimi nimechoka tangu alipomchukua binti yangu Shume. Huyu jogoo nilimtaka kwa sababu alikuwa wangu. Nimemtoa sadaka asubuhi, nikajuta kabla ya mahubiri.” Wazee walikwenda na kurudi kati ya vyumba viwili kwa muda wote uliobaki wa mchana. Mwisho Bwana Yoeli alikubali kumwachia jogoo, kumpelekea mbuzi na khanga, na, ili aibu ile ifunikwe mbele ya watu walioiona, kumalizia kiasi chote kilichokuwa kimepungua kwenye nauli, kwa jina la mama mkwe wake. Rajabu alinirudisha juu ya benchi akatangaza uwanjani, sauti yake safari hii imenyongea: “Bibi Debora amempeleka Naomi Ulaya.” Watu wakashangilia. Nilishuka kwenye benchi na kwa mara ya kwanza nikajiruhusu kuwaza theluji.

Siku chache baadaye mlima ulikatika. Huko kwetu tunasema hivyo, kana kwamba mlima ni kamba. Udongo uliporomoka chini ya kijiji ukaondoka na daraja dogo la barabara inayoshuka Soni, na pale lilipokuwa pakabaki korongo lenye maji ya kahawia. Malori hayakuweza kupanda. Kabichi zilizokwisha kukatwa zilirundikwa kando ya barabara zikaanza kuoza, na harufu ikaingia ndani ya nyumba, ndani ya mablanketi, ndani ya chai. Plamu zilivunwa wakalishwa nguruwe. Wilayani walisema saruji iko kwenye mpango, tungoje. Rajabu mwenyewe alikwama kwetu na magunia yake. Alilala kwa fundi cherehani na alionekana akizunguka bila kazi, hana wa kumnadia.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. Ghala lilijaa, madirisha yalifungwa kwa sababu ya harufu. Watu walisema waliyoyasema siku zote: serikali, mvua, vijana wavivu. Mafundi walisema wakipata saruji na nondo wanaweza kulijenga daraja wenyewe kwa siku za kazi ya pamoja, na saruji inauzwa Tanga kwa mwenye fedha taslimu.  Rajabu alikuwa ameketi karibu na mlango, akainua mkono kama mgeni anayeomba radhi. “Mimi si wa hapa,” alisema. “Nauliza tu. Ile fedha ya nauli ni ya nani?”

 Mwenyekiti alijikuna shingo. “Ndugu Naomi mwenyewe alisema, mbele yetu, ni ya kijiji,” alisema, na nikaona anatamani nisingekuwa nimesema. Nikaitikia kwamba ni kweli, nilisema. Bibi Debora akasimama kwa kushikilia bega la jirani yake. “Iliyo nyingi ni ya mkwe wangu, na aliitoa kwa sababu yangu. Huyu mtoto nampenda. Lakini nikitaka kumwona binti yangu Shume, napita wapi? Na huyo mbuzi niliyeahidiwa, ataruka?” Watu walicheka kidogo, kwa haraka, kama wanaotafuta mahali pa kuficha nyuso. Mwenyekiti akasema basi tupige kura: wanaotaka fedha iende kwenye daraja wanyooshe mikono.

Hakuna mkono ulioinuka. Nilitazama ghala zima, watu ambao kabichi zao zilikuwa zinageuka maji, na wote waliangalia sakafu, au mizani, au picha ukutani. Mama aliniangalia mimi. Ilinichukua muda kuelewa. Hawakuwa wanakataa daraja. Walikuwa wananingoja. Maneno yangu yote mazuri, kwamba kijiji ndicho kiamue, walikuwa wameyasikia na kuyapigia makofi kisha wakayaweka kando kama watu wanavyoweka kando maneno ya mgeni. Kwao fedha ilikuwa yangu tangu ndizi ya kwanza, na hawakuwa tayari kuniondolea sahani mbele yangu hata kwa njaa. Nikiwa kijana niliiita hali ya kutojielewa. Nimeifikiria mara nyingi tangu hapo, nikiwa nimechoka zaidi, na sasa sijui niiite nini. Nikanyoosha mkono. Ndipo mikono mingine ikainuka, karibu yote, haraka, kama iliyokuwa imefungwa. Wa mama haukuinuka, na nilipokwenda nyumbani sikuuliza.

Nilibaki hadi likizo ilipokwisha, nikipokezana mawe kwenye mstari na wanawake. Rajabu alikuwa mbele yangu siku moja, akinipa jiwe bila kuniangalia. “Sikuuliza kwa ubaya,” alisema.

“Najua.”

“Nilidhani utasema ni ya kwako. Ungesema tu hivyo, Naomi, tungenyamaza wote. Hata mimi.”

Nikamwambia ageuke, mawe yanamngoja. Tulikuwa marafiki baada ya hapo kwa miaka yote, alinitumia maharage, niliwatumia wanawe vitabu, na jambo hilo hatukulirudia.

Chuoni nilikwenda kwenye ofisi ya masuala ya wanafunzi. Afisa alikuwa na feni inayogeuka na glasi ya maji ya baridi. Aliniuliza nauli iko wapi. Nilianza kufikiri niseme kuanzia wapi: jogoo, mwavuli, mlima, mikono. Nikamwambia fedha hazikutosha. Alikata jina langu kwa kalamu nyekundu, akatikisa kichwa. “Watu wetu wa vijijini,” alisema, “bado hawajaona thamani ya elimu.” Nilisimama pale. Swali lilikuwa limekwisha kufika mdomoni, juu yake yeye ametoa nini, na kwa ajili ya nani. Sikuliuliza. Nilichukua begi langu nikaenda bwenini kutafuta kitanda kabla vya dirishani havijachukuliwa.